Redio Isiyosikilizwa

Mke wangu alikuwa akiamka, kabla hajanawa uso, anawasha redio. Wala hakuwa msikilizaji. Ukimwuliza habari ilihusu nini, anakuuliza wewe, "Habari gani?" Alikuwa akisema nyumba isiyo na sauti ni ghala, na yeye hakuolewa ghalani. Alipofariki niliendelea kuiwasha. Siwezi kusema niliamua. Asubuhi ya kwanza baada ya wageni wa msiba kuondoka mkono ulikwenda wenyewe, na tangu siku hiyo redio ikawa inaongea jikoni huku mimi nikiendelea na mambo yangu sebuleni. Ukiniuliza leo imesema nini, sijui. Ninachojua ni kwamba ikinyamaza nasikia friji.

Nayasema haya mapema usije ukadhani mimi ni mtu wa muziki.

Kazi yangu ni takwimu. Niko kwenye taasisi inayochunguza mambo ya akili na hisia za watu, ghorofa ya pili, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Wanasaikolojia wetu huenda kuwauliza watu maswali, wanarudi na madodoso yamejaa mwandiko, na mimi nayageuza kuwa majedwali. Vijana wa ofisini wananiita Mzee Wastani. Wanadhani sijui. Jina halinikeri, ila halinifai: katika maisha yangu yote sijawahi kukutana na mtu anayefanana na wastani, na nimewajumlisha wengi.

Mwaka jana mkuu wetu wa utafiti, ambaye sote tunamwita Daktari, mwanamke mwenye akili kali na viatu visivyo na kelele, aliongoza uchunguzi kuhusu upweke. Dodoso lilikuwa refu. Sehemu ya kwanza ilipima upweke wenyewe, mtu anajipa alama kwa kila sentensi. Sehemu ya pili iliuliza mambo ya nyumbani: unaishi na nani, unakula umekaa au umesimama, una mtu wa kumwachia ufunguo. Humo katikati kulikuwa na swali ambalo mpaka leo sijui nani alilibuni: "Je, nyumbani kwako redio huwaka hata kama hakuna anayeisikiliza?"

Nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka. Nilikuwa peke yangu chumbani, kwa hiyo niliacha haraka.

Matokeo yalikuja wazi. Waliojibu ndiyo walikuwa na upweke mkubwa kuliko waliojibu hapana. Si kila mmoja wao. Walikuwapo wenye redio zinazoropoka kutwa na wao wachangamfu kama maharusi, na walikuwapo wasio na redio kabisa wanaolia. Lakini wastani wa kundi moja ulikuwa juu ya wastani wa kundi la pili, na tofauti ilikuwa kubwa mno kuitupia bahati. Nikatengeneza jedwali. Daktari akaandika ripoti, na kwa haki yake niseme aliiandika vizuri. Alisema mambo hayo mawili huonekana pamoja, na kwamba kwa kuwa watu waliulizwa mara moja tu, hatuwezi kujua lipi lilileta lipi.

Sasa, nani anasoma ripoti? Watu wanasoma kipeperushi. Ofisi ya mawasiliano ilikaa na ripoti ile, ikaona imejaa tahadhari kama dawa ya kikohozi, ikaikamua mpaka likabaki tone moja la herufi nene: REDIO INAYOWAKA BURE HULETA UPWEKE. ZIMA REDIO, FUNGUA MOYO. Kwetu kuna utaratibu kwamba karatasi yoyote yenye tarakimu haitoki nje ya jengo bila saini yangu. Nakala ikaletwa mezani. Nikazikagua tarakimu moja baada ya nyingine, zote zilikuwa sahihi. Maneno sikuyagusa, maana maneno si idara yangu. Nikatia saini, nikaenda kunywa chai.

Kipeperushi kikasambazwa kwenye zahanati zote za mji, pamoja na ile anakofanya kazi binti yangu.

Binti yangu ni nesi, na ndiye mtoto wangu pekee. Ana mume, ana mtoto mmoja, na ana tabia ya mama yake ya kuingia nyumbani kwa mtu akiwa tayari yuko katikati ya sentensi. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa uani nafua mashati, nikamsikia anatokea jikoni.

"...na mlango uko wazi! Shikamoo, Baba. Mbona redio inaongea peke yake huko ndani?"

"Marahaba. Haiongei peke yake. Inaongea na masufuria."

Kwa kawaida angecheka. Safari hii alifungua mkoba, akanitolea kipeperushi.

"Hiki umekiona?"

"Nimekiona."

"Si kimetoka kwenu? Jina la ofisi yenu hili hapa chini. Juzi mama mmoja kaniuliza, dada nesi, haya ni ya kweli kweli au ni ya karatasi? Nikamwambia ni ya kweli, mama, baba yangu mzazi ndiye aliyepiga hesabu."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilikamua shati nikalikamua tena.

"Hesabu ni sahihi," nikasema.

"Haya. Na wewe, Baba, una upweke?"

Hapa lazima nieleze kitu. Siku ile ya mazishi, watu wakiwa wameanza kutawanyika, dada yangu alimshika binti yangu mkono akamwambia, "Sasa baba yako ni mzigo wako." Alisema kwa wema, kama shangazi anavyosema. Lakini niliuona uso wa mtoto. Nikajiapiza palepale kwamba mzigo sitakuwa. Tangu siku hiyo, kila akipiga simu na kuuliza hali, namjibu buheri wa afya. Nimelisema neno hilo mpaka limeota kutu.

"Mimi?" nikamwambia. "Mimi buheri wa afya. Hunioni navyofua?"

"Basi redio ya nini?"

Uone mtego wenyewe. Nikisema sina upweke, redio haina kazi. Nikisema ninao, kipeperushi kimekwisha kumtaja mhalifu, na saini ni yangu. Ilikuwapo njia ya tatu, ya kusema kwamba upweke ulianza na redio ikafuata. Lakini huwezi kusema kipi kilitangulia bila kukiri kwamba vyote viwili unavyo.

"Ichukue," nikasema.

"Sijasema niichukue, nimesema uizime."

"Ikibaki hapa nitaiwasha. Wee ichukue."

Alikwenda jikoni, akachomoa waya ukutani, akauzungusha kwenye vidole vyake taratibu kama anasuka. Akasimama kidogo ameipakata ile redio. Nikadhani ananionea huruma, nikaona aibu, nikajifanya natafuta vibanio vya nguo.

"Utaona tofauti, Baba," akasema mlangoni.

Niliiona. Friji letu, niligundua wiki ile, lina milio miwili: mmoja wa kuanza kazi na mwingine wa kukata tamaa. Bomba la jikoni linadondosha. Nilikuwa nikila nasikia meno yangu mwenyewe. Nilianza kukohoa bila kikohozi. Nilikuwa mpweke, nasema waziwazi, sikuwa na "mawazo" wala "uchovu" wala yale mengine tunayoyatumia wanaume kuzungukia neno. Nilikuwa mpweke nikiwa na redio na nikawa mpweke zaidi bila redio.

Jibu zuri, kama kawaida, lilikuja baada ya mgeni kuondoka. Nilikuwa naosha kikombe nikakumbuka wodi alizowahi kufanyia kazi binti yangu. Wagonjwa wenye dripu huwa hoi kuliko wasio na dripu. Nesi gani atapita kitanda hadi kitanda akichomoa dripu ili watu wapone? Angenielewa mara moja. Nikaishika simu, nikaiweka. Maana angeuliza swali linalofuata: kwa hiyo, Baba, ugonjwa wenyewe ni upi?

Badala ya kuzungumza na mwanangu, nikaenda kuzungumza na madodoso. Hiyo ndiyo tabia yangu. Nilifika ofisini kabla ya mfagiaji nikaanza kuwagawa watu upya. Niliwagawa kwa umri, tofauti ikabaki palepale. Nikawagawa wanaume kwa wanawake, ikabaki. Nikajaribu wenye vyumba vingi na wenye chumba kimoja, wanaokula wamekaa na wanaokula wamesimama. Ikapungua kidogo, ikarudi. Halafu nikawatenga waliofiwa na mke au mume, nikawaweka upande wao, na wengine wote upande mwingine.

Tofauti ikayeyuka. Miongoni mwa waliofiwa, wenye redio na wasio na redio walikuwa na upweke uleule. Miongoni mwa wale wengine pia, kilichobaki kilikuwa chembe tu. Ila waliofiwa ndio waliokuwa na redio nyingi, na ndio hao hao waliokuwa na upweke mwingi. Ukiwachanganya wote kwenye chungu kimoja unaona redio na upweke vinatembea pamoja, humwoni marehemu aliyevikutanisha. Nilisimama pale dirishani nikautazama ukuta kwa furaha ambayo ukuta ule haujawahi kupewa na mtu.

Nikampelekea Daktari karatasi. Aliisoma yote, tena bila haraka.

"Nzuri," akasema. "Mzee, uliwagawa mara ngapi kabla ya kufika hapa?"

Nikakuna shingo. "Mara kadhaa."

"Ungelipata jibu hili kwenye mgao wa kwanza, ungeendelea kugawa?"

"Nisingeendelea."

"Na kama mgao huu nao ungesema redio ndiyo yenye makosa?"

"Ningekuwa bado nagawa mpaka sasa hivi."

Alicheka, nami nikacheka, kwa sababu alikuwa amenikamata waziwazi. Alikuwa sahihi kabisa. Ukiyagawa madodoso vya kutosha, mwishowe yatasema unalotaka. Niliwafundisha vijana jambo hilo mimi mwenyewe, kwa ukali, mwaka hata mwaka.

"Huenda umepatia," Daktari akaendelea. "Mimi nakaribia kukuamini. Lakini waliofiwa ni wachache humu, na jibu umelipata kwa kuliwinda. Siwezi kusimama nalo mbele za watu kama nisivyoweza kusimama na lile la kipeperushi. Kipeperushi nitakisimamisha leo. 'Huleta' sikuliandika mimi, Mzee."

"Nililipitisha mimi."

"Basi wote tumo." Akaiweka karatasi chini. "Ila hujawahi kuwinda hivi. Kuna kitu unakijua ambacho hakimo kwenye madodoso?"

Kilikuwapo. Kilikuwa kimekaa kitini mbele yake kimevaa shati ambalo halikupigwa pasi. Lakini mtu mmoja si takwimu, na mimi ndiye niliyewacheka wote waliowahi kuja kwangu na mjomba wao aliyevuta sigara akafika uzeeni.

"Hakuna, Daktari."

Alinirudishia karatasi.

"Haya. Tutarudi kwa walewale tuwaulize tena," akasema. "Safari hii tuwaulize kipi kilianza."

Jumapili alasiri nikaikunja ile karatasi, nikaitia mfukoni, nikaenda kwa binti yangu bila kumwarifu. Nilikuwa nimejipangia hotuba. Ningeanza na dripu, nifuate na jedwali, nimalizie kwa kusema kwamba kisayansi hakuna sababu ya redio yangu kuendelea kukaa uhamishoni. Kuhusu mimi mwenyewe nisingesema kitu. Ningemwachia jedwali aseme nalo.

Wanakaa kwenye jengo la ghorofa lenye ngazi za nje. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Kabla sijabisha nikasikia mtu anatangaza hali ya hewa, sauti ninayoijua, kituo ninachokijua, kilekile ambacho mke wangu hakuwahi kukihamisha. Nikasukuma mlango. Mume alikuwa ametoka na mtoto, viatu vyao havikuwapo. Jikoni hakukuwa na mtu. Redio ilikuwa imekaa kati ya mkebe wa sukari na dirisha, vilevile ilivyokuwa ikikaa kwetu. Binti yangu alikuwa chumba cha pili, amenipa mgongo, anakunja sare zake za kazi. Asingeweza kusikia hata neno moja la mtangazaji.

"Hodi," nikasema.

Aligeuka, akanipita mbio, akaizima. Alisimama mbele yake kama mtoto aliyekutwa na kijiko mdomoni.

"Nilikuwa naizima tu, Baba."

"Imewaka tangu lini?"

Akataka kutunga kitu, nikamwona anatunga, akaacha. "Tangu Jumamosi ile. Nilipofika nayo niliiwasha nione kama ni nzima. Sikuweza kuizima tena. Baba mtoto anasema debe tupu haliachi kuvuma, lizime tupumzike. Simjibu."

"Lakini wewe si ndiye uliyeniletea kipeperushi?"

"Nilikisoma kwa ajili yako." Akavuta kiti akakaa. "Nilidhani huko kwako ndiko kuna shida. Mimi nikipita jikoni, nikiisikia ile sauti, naona kama Mama yuko upande wa pili anatafuta kifuniko."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kila nikipiga, wewe buheri wa afya. Nikasema, mwanaume aliyefiwa na mke wake amesimama wima, mimi mwenye mume na mtoto ndio niangue kilio? Niliona haya, Baba."

Hotuba yangu nikaiacha. Nikamwonyesha nilichokuwa nacho, nikaikunjua ile karatasi mezani. Ni mtoto wa mtakwimu, majedwali hayamtishi. Aliifuata kwa kidole: waliofiwa na mwenzi, huku, wengine wote, huku.

"Mimi ningekuwa wapi hapa?" akauliza.

Nilitazama kidole chake. Mume wake yu hai, anavaa viatu, amempeleka mtoto matembezi. Angekuwa upande wa pili, pamoja na wale wasiopungukiwa na mtu. Na yale madodoso yenye upweke upande ule, ile chembe niliyoiona na kuipuuza kwa furaha, sikuwahi kuuliza ni watoto wa nani. Miaka miwili nilikuwa namhesabu marehemu mara moja tu, kwenye safu yangu. Nilikuwa nimejiweka mfiwa peke yangu, na binti yangu nikamfanya mtu wa kuangaliwa asibebeshwe mzigo.

"Nilikuweka mahali pasipo pako," nikamwambia. "Mwanangu, nina upweke. Ninao tangu siku ile. Nilikuwa nao redio ikiwaka, na ulipoichukua ukazidi. Sikutaka uwe na mzigo."

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake, Baba."

"Shangazi yako alisema..."

"Shangazi anasema mambo mengi. Kwa hiyo si redio?"

"Si redio. Kilichoanza ni Mama yako kuondoka. Haya mengine yote yamefuata, kwangu na kwako."

Msibani hakulia. Alikuwa anagawa vikombe, anapanga viti, kila mtu akimsifu kwa kujikaza. Sasa alilia kwa sauti, kichwa mezani juu ya jedwali langu, wino ukaanza kutoka, na mimi ninayewagombeza vijana kwa tone la chai kwenye karatasi nilikaa nikimshika bega. Mimi pia nililia.

Baadaye alijipangusa na mkono wa sare, akatazama upande wa dirishani.

"Sasa nani abaki nayo?"

"Hilo tutalizungumza. Kwa sasa iwashe."

Akainuka akaiwasha. Mtu mmoja alikuwa anasifia sabuni kwa nguvu zake zote. Tulikaa pale jikoni, mimi na binti yangu, mpaka viatu vya mume na mtoto viliposikika kwenye ngazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaisikiliza.